Ukurasa wa Kumi na Nne

4 Mei

Kwa mwalimu wa mazoezi, Darasa la Pili

Binti yangu,

Mwalimu mkuu ameniarifu kwamba umefika na utakaa nasi wiki nane. Samahani hukunikuta. Nimelazwa tangu Alhamisi. Wamenifanyia upasuaji mdogo wa koo, na daktari amenikataza kusema, hata kunong'ona, kwa wiki nne. Simu kwangu haina kazi kwa sasa, na vile vimaandishi vyake vinaniumiza macho. Basi tuandikiane barua. Za kwako mpe karani wa shule, atazipeleka posta. Za kwangu atazipeleka mdogo wangu, ambaye ndiye anayeniuguza na ndiye anayefurahi kuliko wote kwamba nimenyamaza.

Kwa utaratibu, mwalimu wa mazoezi haachwi peke yake na darasa. Wewe utaachwa. Mwalimu wa Darasa la Tatu ameagizwa awe anakuchungulia, lakini namjua: atakuja kuazima chaki.

Watoto ni hamsini na wanane, madawati kumi na saba. Wanaokaa dirishani hawaandiki, wanatazama nje. Wabadilishe kila Jumatatu. Ufunguo wa kabati uko nyuma ya ramani. Boksi la chaki usiliache mezani, kuna mmoja anazila, sijamjua ni nani.

Kipindi cha kwanza ni kusoma. Usilitese koo lako. Dawati la mbele kuna msichana ambaye wenzake wanamwita Redio. Mpe kitabu, asimame, asome sentensi, darasa limfuate. Kile kitabu anakijua kama maji.

Najua unaogopa. Mimi siku yangu ya kwanza, miaka ishirini na sita iliyopita, nilijifungia stoo ya mafagio mpaka kengele ya mapumziko. Hakuna aliyejua. Nawe ukijifungia, hakikisha hakuna atakayejua.

Wako,
Mwalimu wa darasa


8 Mei

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Pole sana kwa kuugua.

Wiki ya kwanza imekwisha. Stoo ya mafagio ina kufuli siku hizi, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda. Nilipoandika tarehe ubaoni siku ya kwanza, mstari ulianza juu kushoto ukaishia chini kulia, na mtoto mmoja akainamisha kichwa ili ausome vizuri. Mwingine akaniuliza, "Wewe ni mwalimu kweli au ni dada?" Nikamjibu kwamba ni mwalimu. Akasema, "Mbona umebeba begi la shule?"

Mwalimu wa Darasa la Tatu amekuja mara tatu. Amechukua chaki sita.

Anayezila nimempata. Ni yule mdogo wa dawati la nne, mwenye mapengo. Anasema nyeupe ni nzuri, za rangi ni chungu.

Kuhusu kusoma, Mwalimu, sina la kusema ila hongera. Redio anasimama, anasoma, wenzake hamsini na saba wanamfuata kwa sauti moja. Mwalimu mkuu alipita dirishani siku ya Jumatano, akasimama mpaka mwisho wa ukurasa, akatikisa kichwa kwa furaha. Chuoni walituambia tutakuta watoto wa darasa la pili wasiojua hata irabu. Nimewaandikia wenzangu walioko shule nyingine kwamba mimi nina bahati.

Nakutakia afya njema.

Mwalimu wa mazoezi


13 Mei

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mdogo wangu ameisoma mara moja bila ruhusa. Amecheka sana kuhusu begi.

Mama wa yule mla chaki mwite, ampeleke mtoto kupimwa damu. Usimwite mbele ya watoto.

Kidonda kinapona. Nitarudi mwanzoni mwa Juni. Endelea hivyo hivyo, usibadilishe kitu.

Mwalimu wa darasa


19 Mei

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nafurahi kwamba kidonda kinapona. Mama wa mtoto alikuja, na mtoto amekwenda kupimwa.

Nina swali. Darasa lililokuwa linajua jambo, laweza kulisahau kwa wiki mbili kwa sababu tu limepata mwalimu mpya? Nauliza kwa ajili ya kujifunza. Kuna kitu kidogo kilitokea Alhamisi kwenye kipindi cha kusoma. Pengine ni mwandiko wangu wa ubaoni. Nitaurekebisha.

Hakuna haja ya kuwa na wasiwasi.

Mwalimu wa mazoezi


23 Mei

Binti yangu,

Nimeelewa. Wameanza kukuchezea. Hufanya hivyo kwa kila mgeni akifika wiki ya pili, wakishajua sauti yako inafika wapi. Wanajifanya hawajui hata majina yao.

Usipige kelele. Simama mbele, kunja mikono, nyamaza. Watenganishe pacha wawili wa dawati la sita; wakikaa pamoja ni watu wanne. Usimpeleke mtoto ofisini kwa kosa la darasani, maana siku ukimpeleka mmoja, wote wamejua kwamba umeshindwa. Na mwandiko urekebishe kweli: simama upande, usiuzibe ubao, andika huku miguu yako inasogea.

Watakaa sawa.

Mwalimu wa darasa


28 Mei

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Watoto wana adabu. Barua yangu haikuwa na ukweli wote, na sasa nauandika.

Ile Alhamisi mvua ilinyesha asubuhi, watoto wakaja na matope mpaka magotini. Nikaona nitunge kisomo kifupi cha kwangu, waone kwamba hata mambo yao yanaandikika. Nikaandika ubaoni: "Leo mvua imenyesha. Viatu vyetu vina matope." Nikamwita Redio. Alisimama, mikono nyuma, akautazama ubao. Nikaweka fimbo chini ya neno "Leo."

Akasema kwa sauti yake ile: "Kuku wa bibi ametaga mayai matano."

Huo ni ukurasa wa kumi na nne. Nilidhani anatania. Nikangoja wenzake wacheke.

Hakuna aliyecheka, Mwalimu. Darasa zima likaitikia, "Kuku wa bibi ametaga mayai matano." Nikaisogeza fimbo mpaka "mvua." Redio akasema, "Bibi amefurahi." Wakaitikia, "Bibi amefurahi." Niliendelea kusogeza fimbo kwa sababu sikujua nifanye nini. Walimaliza ukurasa mzima juu ya maneno saba niliyoyaandika mimi, kisha wakakaa, wakaningoja niseme vizuri sana. Nikasema vizuri sana.

Nilidhani nimewaharibu. Ndiyo maana nikakuuliza lile swali.

Jumatatu nilianza kumwita mmoja mmoja mezani wakati wa mapumziko, nikampa kadi za maneno yaliyomo kitabuni, lakini nimeyachanganya. Nimewamaliza leo. Wanaosoma sentensi ni kumi na mmoja. Wanaojua herufi lakini hawawezi kuziunganisha ni ishirini. Waliobaki, ishirini na saba, wanajua kitabu, lakini hawajui maandishi. Redio ni mmoja wa hao ishirini na saba. Nilimuuliza alikijuaje kitabu. Alisema dada yake alikuwa Darasa la Pili mwaka jana, alikuwa akikisema nyumbani wakati wa kuosha vyombo.

Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani kusoma ni nini kingine?"

Sijamwambia mtu. Kwenye daftari la maendeleo, kwa mwandiko wako, wote hamsini na wanane wameandikiwa "anasoma." Naomba uniambie nimekosea wapi.

Mwalimu wa mazoezi


1 Juni

Mwalimu wa mazoezi,

Umewapima vibaya. Mtoto wa miaka minane ukimwita peke yake mbele ya mgeni mwenye kadi, hata jina la mama yake analisahau. Kadi ni mambo ya chuoni.

Daktari ameniongezea wiki tatu. Mkufunzi wako atakuja kukutathmini tarehe 9, mwalimu mkuu ameniandikia. Siku hiyo fundisha ukurasa wa kumi na nne. Redio aongoze. Utapata alama nzuri, shule itapata sifa, na hakuna atakayeumia.

Daftari la maendeleo ni la mwalimu wa darasa. Lirudishe kabatini.

Mwalimu wa darasa


4 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Daftari nimelirudisha. Ukurasa wa kumi na nne nitaufundisha kama ulivyoagiza. Maandalio ya somo nimeshayaandika na mwalimu mkuu ameyatia sahihi.

Ila nisikufiche: tangu wiki iliyopita nakuja saa moja kasoro, na wale ishirini na saba nimewaambia anayetaka aje. Wanakuja kumi na watano, kumi na sita. Tunaanza na herufi za majina yao. Redio anakuja kabla yangu, namkuta mlangoni, yaani mimi ndiye ninayechelewa. Hapendi kukosea. Akikosea anafunga daftari, kisha analifungua mwenyewe.

Pole kwa wiki tatu zilizoongezwa.

Mwalimu wa mazoezi


10 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Mkufunzi alikuja jana. Naandika kama ilivyokuwa.

Juzi saa ya kutoka nilimwita Redio, nikamwambia, "Kesho kuna mgeni. Utasoma kuku wa bibi. Usome kama zamani, haraka haraka." Akasema, "Zamani nilikuwa sisomi." Nikamwambia ni siku moja tu. Akaitikia. Kwa hiyo usidhani kwamba nilikuwa shujaa. Nilitaka alama.

Mkufunzi alikaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakagusa kidevu. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Nilitambulisha somo, nikasema fungueni ukurasa wa kumi na nne, Redio atatuongoza. Akasimama. Akafungua kitabu. Zamani hakuwa anakifungua, sijui kama uliwahi kuona. Alikuwa anakishika tu.

Akakitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Ku."

Darasa halikujua la kuitikia. "Ku. Kuku." Akameza mate. "Wa. Bi, bi. Bibi." Mwalimu mkuu akakohoa. Mimi nikatabasamu nikimtazama, kumkumbusha. Hakunitazama. "A, me, ta." Pale kwenye "ga" alikwama. Nilihesabu pumzi zangu saba. Wenzake wakaanza kufungua vitabu vyao, mmoja mmoja, kutafuta yuko wapi. Pacha mmoja akamwambia mwenzake, "Ni hii hapa, yenye mkia." Mistari mitatu ilichukua nusu ya kipindi.

Alipomaliza alikaa, makwapa yamelowa jasho.

Mkufunzi ameandika hivi: "Wanafunzi wanasoma kwa kusitasita na hawajafikia kiwango kilichoelezwa kwenye taarifa za shule. Inaonekana darasa limeshuka tangu mwalimu wa mazoezi alipolichukua. Aongeze kasi." Alama yangu ni ya chini kabisa kati ya zile za kufaulu. Kutakuwa na tathmini ya pili chuoni. Mwalimu mkuu hajanisalimia tangu jana.

Sikumwambia mkufunzi chochote kuhusu kadi wala daftari. Aliniuliza kama nina la kusema, nikasema sina.

Baadaye nilimuuliza Redio kwa nini hakusoma nilivyomwambia. Akasema, "Nilitaka, Mwalimu. Lakini nikiziona herufi, siwezi kupita tu."

Mwalimu wa mazoezi


21 Juni

Binti yangu,

Nimechelewa kujibu. Si ugonjwa. Nilikuwa nimeandika barua nne nikazichana, mdogo wangu amezifagia.

Hukuwapima vibaya.

Upasuaji huu ni wa pili. Wa kwanza nilifanyiwa likizo ya mwaka jana, nikasema nimesafiri kwenda kuzika. Sauti yangu ilianza kukatika miaka miwili iliyopita. Asubuhi nilikuwa nayo ya kutosha kuita majina hamsini na manane, kisha inakwisha. Mwalimu asiye na sauti huondolewa darasani na kupewa stoo ya vitabu, akae humo na panya mpaka astaafu. Nimewaona watatu. Nilitafuta njia ya kufundisha bila kusema.

Nikatafuta mtoto mwenye sauti kubwa na kumbukumbu kali. Sikutafuta anayejua kusoma. Nilimsimamisha mbele, mimi nikawa natikisa kichwa tu, na kutoka nje ilisikika vizuri kuliko madarasa yote ya shule. Wageni walikuwa wanaletwa kwangu.

Utaniuliza kama nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba paa linavuja, akasogeza kitanda, akalala. Madaftari yao niliyasahihisha. Yalikuwa yamenakiliwa ubaoni, mwandiko mzuri, bila kosa. Nikaandika "anasoma" mara hamsini na nane, na wale kumi na mmoja sidhani kama ni mimi niliyewafundisha.

Barua yako ya tarehe 28 niliipata mchana, nikakasirika mpaka jioni. Nilikasirika kwa sababu ulitumia siku nne tu kujua. Kisha nikakuandikia ile niliyokuandikia.

Nimemwandikia mwalimu mkuu yote haya jana. Nakala nimempelekea mkufunzi wako. Usinishukuru. Kama ningeandika haya ile tarehe 1 Juni, ungekuwa na alama yako.

Daktari anasema sauti haitarudi.

Mwalimu wa darasa


26 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Leo ni siku yangu ya mwisho hapa. Barua yako nimeipata.

Mwalimu mkuu aliniita. Alikuwa na barua yako mezani, ameikunja mara nyingi. Aliniuliza tangu lini najua. Nikamwambia. Akauliza kwa nini sikumwambia yeye. Nikasema wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wangu wa darasa. Akanionyesha watoto uwanjani, akasema, "Na wao?"

Wanaosoma sentensi sasa ni kumi na tisa. Orodha nimeiacha kabatini. Mla chaki amepewa dawa ya damu na ameacha, au amejifunza kujificha.

Sijui niandike nini kuhusu koo lako. Pole haitoshi, lakini ndiyo niliyonayo.

Mwalimu wa mazoezi


17 Agosti

Kwa mwalimu mwenzangu,

Nimesikia kwamba tathmini ya pili umefaulu vizuri, na kwamba ile ya kwanza hawakuifuta. Mkufunzi wako ameniandikia mistari miwili, ya heshima na baridi. Nimekubali.

Mimi nilirudi muhula ulipofunguliwa. Mwalimu mkuu alitaka kunipeleka stoo, kama nilivyotarajia. Nikaandika kwenye karatasi kwamba nitakwenda, ila kwanza anipe darasa langu mpaka mwisho wa mwaka. Tukabishana, yeye kwa mdomo, mimi kwa kalamu, na mwenye kalamu ni vigumu kumkatiza. Sasa mwalimu wa Darasa la Tatu anaingia kwangu vipindi vya kwanza, anasema yeye, naandika mimi. Si mwalimu mbaya. Chaki zangu amezirudisha, zile zilizobaki.

Baada ya hapo naketi mezani, watoto wanakuja mmoja mmoja. Wanasoma, nami nasikiliza. Ni kazi ya polepole na haisikiki dirishani. Wageni hawaletwi tena.

Wazazi tuliwaita. Walisema yao. Mama yake Redio alisimama akasema, "Tangu mwaka uanze mnanipa hongera. Nimewatangazia ukoo mzima. Sasa nikawaambie nini?" Mwalimu mkuu alitaka kumjibu kwa niaba yangu. Nikamzuia kwa mkono. Nikaandika ubaoni kwamba kosa ni langu, si la mtoto, nikatia sahihi. Yule mama aliusoma ubao mpaka mwisho. Aliondoka bila kuniaga.

Mtoto mwenyewe alinigomea. Jina la Redio limekwisha, maana hakuna tena wa kufuatwa, na wenzake walikuwa wamezoea kumfuata. Wiki tatu alikuja mezani kwa zamu yake, akasoma alichopewa akitazama ukuta, akaondoka. Sikumlaumu. Nilimchukulia sauti yake nikaifanyia kazi yangu.

Ijumaa alikuja bila kuitwa, na kitabu asichowahi kukiona, cha kabati la Darasa la Tatu. Akakiweka mbele yangu, akavuta kiti akakaa upande wangu badala ya mbele.

"Mwalimu, wewe onyesha kwa kidole, mimi nitasema."

Nikaonyesha. Akasema. Tulikwenda hivyo ukurasa mzima, polepole, kidole changu na mdomo wake. Ukurasa wa pili nilichoka kidogo, nikasogeza kidole mbele. Akanyamaza. Nikamtazama.

Akaushika mkono wangu, akaurudisha nyuma neno moja.

"Umeruka," akasema.

Mwalimu wa darasa